Chakula cha Mhusika Wako katika Old School RuneScape: Mwongozo Kamili, Kuanzia Uduvi wa Kwanza Hadi Begi la Vitani

Nilikuwa nimebakiwa na pointi 11 za uhai kati ya 43, ndani ya pango la majitu chini ya Edgeville, mji mmoja wa gemu la Old School RuneScape. Nikagusa kambakochi kwenye begi. Mhusika hakula. Nikagusa tena, na tena, mpaka akaanguka. Nilipokuja kutazama vizuri ndipo nikaona kwamba picha ya kambakochi ilikuwa imechorwa juu ya karatasi. Nilikuwa nimebeba noti, yaani karatasi inayowakilisha samaki, si chakula chenyewe. Kambakochi thelathini katika nafasi moja ya begi, na hakuna hata mmoja wa kuliwa.

Naandika mwongozo huu kwa sababu wachezaji wengi wapya huuliza silaha gani wanunue na vazi gani wavae, lakini chakula hukikumbuka wakiwa wameshafika pangoni. Ukichunguza kwa nini mhusika wa mwanzo anakufa, mara nyingi utakuta kwamba alikula kwa kuchelewa, alibeba kidogo, au alibeba kisicholika. Yote matatu yanarekebishika bila kutumia senti ya pesa halisi, maana kila hatua hapa hadi karibu na mwisho inafanyika kwenye akaunti ya bure, na gemu lenyewe linachezwa kwenye simu tangu Oktoba 2018, kwa akaunti ileile unayotumia kwenye kompyuta.

Jambo moja liweke kichwani kabla hatujaanza. Begi lina nafasi 28, haziongezeki, na kila samaki anakula nafasi yake. Hivyo swali la kwanza ni hili: nafasi moja ya begi inanirudishia uhai kiasi gani, na nitahitaji nafasi ngapi hadi nirudi benki, mahali pa kuhifadhia vitu? Mpango wote wa chakula, kuanzia kuvua, kupika, kuweka akiba hadi kubeba, unajibu swali hilo.

Hatua ya kwanza: pata jiko kabla ya samaki

Mhusika anaanza na pointi 10 za uhai. Uhai hujirudisha wenyewe, lakini polepole mno, pointi 1 kwa dakika. Unahitaji chakula mapema, na unahitaji mahali pazuri pa kukipikia.

Nenda jikoni kwenye ngome ya Lumbridge, ghorofa ya chini, uzungumze na mpishi. Amekwama na keki ya sherehe ya bwana wake, na anataka vitu vitatu: yai, ndoo ya maziwa na chungu cha unga. Yai utaliokota kwenye banda la kuku. Maziwa utakamua mwenyewe kwa ng'ombe wa maziwa, ukiwa na ndoo tupu mkononi. Unga ndio wenye kazi. Chuma ngano, panda hadi juu kabisa ya kinu kilicho kaskazini mwa Lumbridge, imimine, vuta mtambo, kisha ushuke chini ukauchote unga kwa chungu. Kazi hii inaitwa Cook's Assistant na wengi huiruka kwa kuona ni ya kitoto. Usiiruke. Inakupa alama 300 za uzoefu wa mapishi, na pia ruhusa ya kutumia jiko la mpishi huyo, ambalo linaunguza vyakula vya mwanzo mara chache kuliko moto wa kawaida. Benki nayo iko juu ya ngome hiyohiyo, ngazi tu zinatenganisha benki na jiko.

Hatua ya pili: Draynor, wavu kisha mshipi

Kijiji cha Draynor kina benki iliyo karibu sana na maji, na hiyo ndiyo sababu nakipenda kuliko sehemu zote za mwanzo. Mvuvi mpya anapoteza muda mwingi zaidi kwa kutembea kuliko kwa kuvua.

Anza na wavu mdogo, uvue uduvi, wale wanaoandikwa Shrimps kwenye skrini. Kila mmoja anakupa alama 10 za uvuvi. Levo ya 5 inahitaji alama 388, kwa hiyo uduvi 39 wanatosha. Hapo badilisha. Chukua mshipi na chambo, bonyeza eneo lilelile la uvuvi lakini uchague kuvua kwa chambo, uanze kupata dagaa, wale wa Sardine. Dagaa ana alama 20, mara mbili ya uduvi. Ukifika levo ya 10 utaanza kupata na heringi, mwenye alama 30. Tangu hapo hadi levo ya 20 utahitaji samaki kati ya 111 na 166, kutegemea bahati yako ya kupata heringi.

Wengi hukaa na wavu wao hadi levo ya 20 kwa sababu hawataki kununua chambo. Wanavua samaki wengi zaidi kwa kazi ambayo ingekwisha kwa chini ya 250. Chambo na mshipi vinauzwa kwa Gerrant, muuza vifaa vya uvuvi wa Port Sarim, mji wa bandari usio mbali na Draynor. Ukifika kwake nunua kabisa na fimbo ya Fly fishing rod na manyoya, utavihitaji hivi karibuni. Manyoya unaweza pia kuyaokota bure ukichinja kuku wa Lumbridge, na nyama yao ukapika.

Usitupe samaki hata mmoja katika hatua hii, weka wote benki. Uduvi anarudisha pointi 3, dagaa 4, heringi 5. Hizo ni ndogo, lakini thamani yao kubwa iko kwenye mapishi.

Hatua ya tatu: pika kwa mafungu

Toa samaki wabichi 28, nenda jikoni, gusa samaki, gusa jiko, chagua kupika wote. Kila samaki anachukua sekunde 2.4, kwa hiyo begi zima linaiva kwa dakika moja na ushee. Walioungua wadondoshe hapohapo, hawana kazi.

Kuungua kunawavunja moyo wengi, basi fahamu kunavyofanya kazi. Kila chakula kina levo ya kuanza kukipika na levo ya juu zaidi ambapo hakiungui tena kabisa. Katikati ya hizo mbili, kadiri levo yako inavyopanda ndivyo kuungua kunavyopungua. Uduvi unaanza kuupika levo ya 1 na unaacha kuuunguza levo ya 34. Trauti ni 15 na 49. Samoni ni 25 na 58. Kambakochi ni 40 na 74. Nduaro, aliyeandikwa Swordfish, ni 45 na 86.

Tazama pengo la kambakochi. Ukiwa levo ya 40 unaruhusiwa kumpika, lakini utaunguza wengi, na kila anayeungua ni safari ya mashua uliyoilipia kwenda kumvua. Ushauri wangu, na hapa sina shaka, ni huu: kambakochi wa kwanza uliowavua waweke benki wakiwa wabichi. Samaki wa kwenye benki haozi kwenye gemu hili. Endelea kupandisha mapishi kwa trauti na samoni, ambao hata wakiungua hasara yake ni ndogo, na kambakochi uwapike levo yako ikiwa imepanda. Mtu anayeniambia amepoteza theluthi ya kambakochi wake kwa kuungua, mara nyingi nakuta angewasubirisha siku mbili tu.

Hesabu ya mwanzo ni nyepesi. Baada ya alama 300 za mpishi, umebakiza alama 2,111 kufika levo ya 15 ya mapishi. Kila uduvi aliyeiva anakupa 30, dagaa 40, heringi 50. Hata ukiunguza nusu ya samaki wote uliowavua Draynor, utavuka 15 kabla uvuvi wako haujafika 20. Na 20 ndiyo levo ya kuanza kuvua trauti. Kwa hiyo zote mbili zinakutana mahali pamoja bila wewe kusimama kusubiri upande mmoja.

Hatua ya nne: mto wa Barbarian Village

Sasa unabeba ile fimbo na manyoya hadi kwenye mto pembeni ya Barbarian Village. Kila samaki anakula unyoya mmoja. Fimbo inachukua nafasi moja, manyoya yote yanarundikana katika nafasi moja, hivyo unarudi na samaki 26. Benki ya kwenda ni ya Edgeville, kaskazini.

Trauti ana alama 50 za uvuvi, na anayepikwa anarudisha pointi 7 za uhai. Ukifika levo ya 30 samoni wanaanza kuja katika eneo lilelile, alama 70, na wakiliwa wanarudisha pointi 9. Kutoka 20 hadi 30 ni trauti 178. Kutoka 30 hadi 40 ni samaki zaidi ya 340. Hii ndiyo sehemu ndefu ya safari yote, na ndiyo inayokujengea akiba ya kweli. Mchezaji akimaliza hapa akiwa hajadondosha samaki wake majini, anaondoka na zaidi ya samaki 500 kwenye benki. Nimeona wengi wakivua na kudondosha papo hapo ili wasitembee kwenda benki. Wanapata uvuvi wa haraka, halafu wiki inayofuata wanahangaika kununua chakula kilekile walichokimwaga. Kama huna haja ya kukimbilia levo, beba.

Hatua ya tano: kambakochi wa Musa Point

Uvuvi wa kambakochi, Lobster, unaanza levo ya 40 na unatumia dema. Chombo hiki kwenye skrini kinaitwa Lobster pot, na kazi yake ni ileile ya madema ya wavuvi wa pwani yetu: unalitega, unasubiri, unalitoa. Jodari unaanza kumpata kwa chusa levo ya 35, na nduaro kwa chusa hilohilo levo ya 50.

Kwenye akaunti ya bure mahali panapojulikana zaidi ni gati la Musa Point, kisiwani Karamja. Safari inakwenda hivi. Unapanda mashua Port Sarim kwa sarafu 30. Unashuka, unatembea hadi gati la wavuvi kaskazini, unatega dema. Ukijaza, unarudi kwa afisa wa forodha, anakukagua kama umebeba pombe ya kisiwani, unalipa sarafu nyingine 30, unavuka. Upande wa Port Sarim kuna sanduku la kuwekea vitu benki palepale bandarini, kwa hiyo huna haja ya kutembea hadi benki kamili. Unatia samaki wote, unabakiza dema na sarafu, unageuka.

Beba sarafu za safari kadhaa kwa pamoja, maana zote zinakaa nafasi moja. Ukibeba 60 kamili, utarudi Port Sarim huna nauli ya kwenda tena, na sanduku lile linapokea tu, halitoi. Dema nafasi moja, sarafu nafasi moja, kambakochi 26. Begi moja la namna hiyo, likiiva lote, ni pointi 312 za uhai.

Hatua ya sita: pima kwa nafasi

Hapa ndipo chakula kinapogeuka kuwa mpango. Begi zima la trauti 28 linabeba pointi 196 za uhai. La kambakochi, pointi 336. La nduaro, 392. Na pitsa ya dagaa-mchele, Anchovy pizza, inayohitaji levo ya 55 ya mapishi, unaila mara mbili, kila mara pointi 9, kwa hiyo nafasi moja inabeba 18 na begi zima linafika 504. Hakuna chakula cha kawaida cha akaunti ya bure kinachoizidi kwa nafasi. Gharama yake ni kazi: unga, maji, nyanya, jibini, halafu dagaa-mchele juu yake. Naitumia kwa bosi tu, yaani adui mkubwa kuliko wa kawaida.

Keki inarudisha 12 kwa nafasi, lakini kwa vipande vitatu vya pointi 4. Inamfaa mhusika mwenye uhai mdogo asiyetaka kupoteza. Kwa vita vikali haifai. Kila unapokula samaki, pigo lako linalofuata linacheleweshwa kwa sekunde 1.8. Kula mara tatu ili upate pointi 12, wakati kambakochi mmoja angekupa zote kwa mara moja, ni kumpa adui nafasi ya bure. Divai nayo inarudisha 11 lakini inakupunguzia nguvu ya kushambulia. Waachie wanaoitengeneza kwa ajili ya uzoefu wa mapishi.

Sasa fanya jaribio dogo kabla ya kupanga safari. Nenda mahali unapotaka kupigana ukiwa na trauti 10, na usimame dakika 20. Hesabu uliokula. Tuseme umekula 8. Hizo ni pointi 56, sawa na pointi 2.8 kwa dakika. Ukitaka kukaa dakika 40 utahitaji pointi 112. Kwa trauti ni samaki 16. Kwa kambakochi ni 10. Ongeza kambakochi 3 wa dharura wasioguswa ila wakati wa kutoroka, wawe 13. Nafasi 15 zinabaki za kuokotea vitu. Kwa trauti, ukiongeza na dharura ya pointi hizohizo, ungebaki na nafasi 6 tu.

Na kumbuka kwamba vazi ni sehemu ya hesabu hii. Ngao na deraya bora hupunguza mapigo yanayokupata, na kila pigo lililokukosa ni chakula kilichobaki. Ukibadili vazi, rudia jaribio.

Hatua ya saba: lini ule

Wachezaji wengi wanakula kwa woga au kwa kuchelewa. Weka mistari miwili.

Mstari wa juu ni uhai wako kamili ukitoa kile chakula kinachorudisha. Ukiwa na 43 na unabeba kambakochi wa 12, mstari ni 31. Ukila ukiwa na 38 utapata 5 na 7 zimemwagika. Usile juu ya 31.

Mstari wa chini ni pigo kubwa kabisa la adui, mara idadi ya wanaoweza kukupiga kwa pamoja. Majitu ya Edgeville, Hill Giants wa levo ya 28, hupiga hadi 4. Lakini katika pango lile zaidi ya mmoja wanaweza kukushika, na ukiwa chini ya levo 57 ya vita wanakuanza wenyewe. Wakiwa watatu ni 12. Usikubali kushuka hapo. Siku ile ya noti nilikuwa na 11, kwa hiyo hata kama wangekuwa kambakochi wa kweli, nilikuwa nimeshachelewa.

Kama unacheza kwa simu na mtandao wa eneo lako unakatika, au bando linaelekea kuisha, pandisha mstari wa chini. Mtandao ukikatika katikati ya pambano mhusika wako haondoki papo hapo. Anabaki pale akipigwa kwa muda, na wewe unatazama duara la kuunganisha likizunguka. Mimi nikiwa kwenye basi sishuki chini ya 25, hata kwa adui dhaifu. Nakula mapema kidogo, napoteza pointi chache, ila nikirudi hewani namkuta bado amesimama. Pia acha begi likiwa wazi kwenye skrini ya simu muda wote wa pambano. Kulitafuta wakati umebaki na uhai kidogo ni sekunde mbili usizonazo.

Mistari hii miwili inakuambia pia ni adui gani bado si saizi yako. Obor, bosi wa majitu ambaye mlango wake unafunguliwa kwa ufunguo wanaoudondosha majitu wa kawaida, ana mapigo yanayovuka 20. Ukiweka mstari wa chini 27, na uhai wako ni 43 na chakula chako ni nduaro wa 14, mstari wa juu ni 29. Umebakiwa na pointi mbili za kupumulia. Utakula karibu kila unapopigwa na hutapata nafasi ya kumpiga. Kinachotakiwa hapo ni kupandisha uhai kwanza, begi hata likijaa halitasaidia.

Kununua au kuvua

Soko la Grand Exchange linauza samaki wa kila aina, na bei zake zinapanda na kushuka. Usilinganishe bei ya samaki kwa samaki, gawanya bei kwa pointi. Tuseme kambakochi ni sarafu 150 na nduaro ni 210. Kambakochi anakugharimu sarafu 12.5 kwa kila pointi, nduaro 15. Kwa mazoezi ya kawaida karibu na benki, nunua kambakochi. Kwa mahali pa mbali ambapo safari ya kurudi inakula dakika kadhaa, nduaro ndiye wa bei nafuu hata kama sarafu zinaonekana nyingi, kwa kuwa anakupunguzia safari.

Kuna kikomo cha kiasi unachoweza kununua kwa kila saa 4, na akaunti mpya za bure zina vizuizi vya biashara kwa baadhi ya bidhaa. Usisubiri siku ya bosi ndipo ununue. Na wanaocheza kwa mtindo wa Ironman, ulioingia mwaka 2014, hawana soko kabisa: hawauziani wala hawapeani kitu na mtu. Kwao hatua za kuvua na kupika hapo juu ndizo soko lenyewe.

Ukinunua vingi sokoni utavipokea kwa noti. Noti ni nzuri kwa kubeba, kwa sababu samaki elfu wanakaa nafasi moja, lakini haziliki. Lazima uziweke benki, kisha utoe tena. Chini ya dirisha la benki kuna kitufe cha Item na cha Note. Kikiwa kwenye Note, kila utakachotoa kitatoka karatasi, na kinabaki hivyo mpaka ukibadilishe mwenyewe. Kitazame kila mara kabla ya kufunga benki.

Ukiingia uanachama wa kulipia

Nitapita haraka hapa, kwa sababu msingi ni uleule ila samaki ni wakubwa. Monkfish anarudisha 16, ila kumvua kunakutaka umalize kwanza kazi ya Swan Song. Papa anarudisha 20 na unaanza kumpika levo ya 80. Anglerfish anaweza kukupandisha hadi juu ya uhai wako kamili, ndiyo maana watu wanamla mlangoni kabla ya kuingia kwa bosi. Fanya kazi ya Family Crest mapema upate glavu za mpishi, kwa kuwa zinamshusha kambakochi kutoka 74 hadi 64 kwa kutoungua.

Anayestahili nafasi ya pekee ni Karambwan. Anarudisha 18, unaweza kumpika tangu levo ya 30 ingawa utaunguza sana mwanzoni, na tofauti na samaki wengine unaweza kumla kwa mpigo mmoja na chakula kingine. Papa kisha Karambwan, pointi 38 kwa wakati uleule. Beba wanne au watano tu, uwapange safu moja na papa ili kidole kisitafute. Hao ni wa kukuokoa, msiwale kama chakula cha kawaida.

Akiba, na ukifa

Kwenye benki yangu natenga kichupo kimoja cha chakula: wabichi juu, walioiva chini, wa dharura mwisho. Nina kiwango nisichoshuka, yaani chakula cha safari tatu. Ikibaki ya mbili sirudi pangoni, naenda Musa Point nikiwa na dema na sarafu 300.

Na ukifa nje ya nyika ya Wilderness, usikimbilie kununua upya. Unabaki na vitu vyako vitatu vyenye thamani kubwa zaidi, vingine vinakaa kwenye kaburi lako palepale ulipoanguka kwa dakika 15. Pitia benki, toa kambakochi sita, hakikisha si karatasi, kula wakati wa kwenda tu ikibidi, na ukifika gusa kaburi kabla hujagusa adui yeyote. Chakula ulichokuwa nacho kitakuwa humo pia, kwa hiyo acha nafasi ya kukipokea.